Mozart wa Vienna na Mozart wa sinema: filamu za wasifu zinavyochanganya kweli na tungo

Kila inapotoka filamu kuhusu maisha ya mtu mashuhuri, ubishi hurudi palepale. Wapo wanaozima televisheni wakiwa na hakika kwamba sasa wanamjua mhusika: alimpenda nani, nani alimsaliti, alikufaje. Wapo wanaosema hizo ni sinema tu, hakuna la kuamini humo. Wa kwanza wanaamini mno, wa pili wanatupa mno. Kuchambua kweli na tungo si kazi ngumu, mradi mtazamaji ajue filamu hizi zinaundwaje.

Nitaeleza kwa mfano wa mji mmoja, Vienna, mji mkuu wa Austria. Ndani yake walifanya kazi watunzi wa muziki Mozart, Beethoven na Schubert, ukoo wa kifalme wa Habsburg ulijenga makasri yake humo, na dansi ya waltz ilipata umaarufu katika kumbi zake. Waongozaji wa filamu huuendea wakitafuta mapenzi na fahari. Mji mzuri kiasi hicho humshawishi msimulizi aupambe zaidi, yeye na watu wake.

Filamu ya wasifu ni nini

Ni filamu ya kuigiza inayosimulia maisha ya mtu aliyeishi kweli, au kipande cha maisha hayo, huku akitajwa kwa jina lake. Inatofautiana na filamu ya hali halisi, ambayo hutegemea picha za wakati ule, nyaraka na mashahidi wanaozungumza wenyewe. Inatofautiana pia na hadithi ya kubuni iliyowekwa katika zama za kale, yenye wahusika ambao hawakuwahi kuwapo.

Yale maandishi yanayotokea mwanzoni, kwamba filamu imetokana na kisa cha kweli, si kiapo. Hakuna ofisi inayokagua na kugonga muhuri. Ni maneno ya mtengenezaji mwenyewe, na "imetokana" inaweza kubeba kidogo au kingi kadiri apendavyo.

Fikiria wasifu wa marehemu unaosomwa msibani. Alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi. Mara nyingi hamna uongo ndani yake. Lakini ugomvi wa shamba haumo, mke aliyeachwa hatajwi, na miaka ya ulevi imepitwa kimyakimya. Aliyeandika amechagua, na amechagua kwa sababu ya watu walioketi mbele yake. Mwandishi wa filamu naye ana watu mbele yake, ana saa mbili au tatu za kuwashika, na yeye haishii kuacha mambo. Huyahamisha. Miaka 10 inakuwa majira mamoja, marafiki watatu wanakuwa rafiki mmoja. Mazungumzo ambayo hakuna aliyeyaandika anayatunga neno kwa neno, maana bila maneno hakuna mchezo. Hayo yote yanavumilika. Kuna badiliko moja zito zaidi, nalo ni kubuni nia: kumpa mtu aliyeishi kweli sababu ya kutenda ambayo hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuwa nayo.

Salieri alimuua Mozart?

Hapana. Lakini ukiwauliza watu wanaolijua jina la Antonio Salieri, mtunzi wa muziki wa zama za Mozart, wengi watakwambia ndiye aliyemwonea wivu Mozart mpaka akamuua, na karibu wote wamelipata hilo kwenye filamu moja.

*Amadeus* ilitoka mwaka 1984. Iliongozwa na Miloš Forman kutokana na tamthilia ya Peter Shaffer iliyochezwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1979, ikapata tuzo 8 za Oscar, ikiwamo ya filamu bora. Inaanza na mzee Salieri akiwa amelazwa kati ya wagonjwa wa akili, akimsimulia padri kijana dhambi yake. Ujanani alimwekea Mungu nadhiri: nipe kipaji cha muziki, nami nitakupa usafi wa mwili na bidii ya maisha yangu yote. Kisha akafika Vienna kijana Mozart, mwenye kicheko cha ovyo na mdomo mchafu, na Salieri akatambua kwamba sauti ya Mungu imekaa kwa huyu. Akaamua kumwangamiza.

Ni filamu kubwa. Pale Salieri anapopekua karatasi za Mozart na kuusikia muziki kichwani mwake, mpaka karatasi zinamtoka mikononi, mtazamaji ambaye hajawahi kusikiliza opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, anaelewa kwa nini watu huulilia muziki huo. Sijui filamu nyingine iliyofanya kazi hiyo vizuri hivyo. Ndiyo maana inaniuma kwamba gharama yake ilibebwa na mtu aliyeishi.

Salieri wa kwenye kumbukumbu alizaliwa Legnago, Italia, mwaka 1750. Hakuwa mseja mwenye nadhiri. Alioa na kupata watoto wanane. Mwaka 1788 akawa mkuu wa muziki katika baraza la kaizari, cheo alichodumu nacho hadi mwaka 1824. Kwa hiyo ni vigumu kusema kwamba alikuwa ameshindwa na kuachwa nyuma, mwenye kinyongo na aliyefanikiwa, maana katika Vienna ya siku zile aliyefanikiwa alikuwa yeye. Alifundisha Beethoven, Schubert na Liszt. Na Mozart alipokufa, mwanawe Franz Xaver alipokua akapelekwa kujifunza muziki kwa Salieri huyohuyo. Mama gani angempeleka mwanawe kwa muuaji wa baba yake?

Mozart mwenyewe anatoa ushahidi mzuri kuliko wote. Tarehe 14 Oktoba 1791, wiki chache kabla ya kufa, alimwandikia mkewe Constanze kwamba amempeleka Salieri kuitazama opera yake mpya, *Filimbi ya Ajabu*, na kwamba mgeni wake alisikiliza kwa makini na kushangilia kipande baada ya kipande. Ni barua ya mtu aliyefurahi.

Hata hivyo tusiruke upande wa pili na kusema walikuwa marafiki wa chanda na pete. Ushindani ulikuwapo. Mozart na baba yake Leopold walilalamika katika barua zao juu ya Waitalia waliotawala muziki wa baraza, na Salieri alikuwa mmojawapo. Mwezi Februari mwaka 1786 Kaizari Joseph II aliwaweka ana kwa ana katika kasri la Schönbrunn: opera fupi ya huyu upande huu, ya yule upande ule, wageni wakitazama. Watu wawili wenye kazi moja, tajiri mmoja, nafasi chache. Wivu wa kazini ni jambo la kawaida duniani na hauhitaji sumu.

Uvumi ulikotoka

Watu huwalaumu Shaffer na Forman kana kwamba wao ndio waliouanzisha. Uvumi una umri wa zaidi ya miaka 200. Mozart alikufa tarehe 5 Desemba 1791 akiwa na miaka 35, na ugonjwa ulioandikwa ulikuwa homa kali yenye vipele. Kifo cha kijana mwenye jina kubwa hakikosi maneno, na minong'ono ya sumu ilianza mapema. Jina la Salieri lilishikamana nayo kwa nguvu miaka ya 1820, alipokuwa mzee, mgonjwa na akili imemvurugika. Ilisemwa amekiri. Beethoven, ambaye wakati huo hasikii, alizungumza na wageni kwa kuwapa daftari waandike, na katika madaftari hayo uvumi huo umo. Mtunzi kijana Ignaz Moscheles alikwenda kumtazama Salieri kitandani, na mzee akamhakikishia kwamba maneno hayo ni ya uongo. Salieri alikufa Mei 1825. Miaka mitano tu baadaye mwandishi Mrusi Alexander Pushkin akaandika mchezo mfupi ambamo Salieri anatia sumu kwenye kinywaji, mtunzi wa muziki Rimsky-Korsakov akaugeuza mchezo huo kuwa opera mwishoni mwa karne hiyo, kisha Shaffer, kisha Forman.

Katika mlolongo huo, kila msanii alikuwa akiuliza swali lake mwenyewe, la kweli na la kuumiza: kwa nini kipaji hakiendi kwa mwenye bidii? Salieri alikuwa jina lililokuwapo karibu. Alifaa.

Na hakuna wa kumtetea mahakamani. Kwa sheria za Uingereza na Marekani marehemu hakashifiwi. Haki ya kulinda jina hufa na mwenyewe. Mtengenezaji wa filamu ana sababu ya kumwogopa mtu aliye hai mwenye wakili. Mtu aliyekufa mwaka 1825 hana cha kumtisha.

Mambo mengine ya filamu hiyo

Mgeni aliyevaa kinyago akaagiza muziki wa misa ya wafu: kiini chake ni cha kweli, na kweli yenyewe ni ya ajabu kuliko tungo. Aliyeagiza kwa siri alikuwa Kabaila Franz von Walsegg, aliyefiwa na mkewe kijana na aliyetaka misa ya kumkumbuka aipige kama kazi yake mwenyewe. Mozart alikufa kabla ya kuimaliza, na Constanze, aliyehitaji malipo yaliyobaki, akaikabidhi hatimaye kwa Franz Xaver Süssmayr akaikamilisha. Lile tukio la Salieri akiandika kando ya kitanda huku Mozart akimtajia noti ni la kubuni kabisa.

Mdomo mchafu wa Mozart: upo. Barua alizomwandikia binamu yake zina utani wa chooni ambao magazeti mengi yasingethubutu kuuchapa. Waliokasirika wakidhani filamu imemvunjia heshima hawakuwa wamezisoma.

Kaizari kulalamika kwamba noti ni nyingi mno: kisa hicho kimo katika wasifu wa mapema wa Mozart uliochapishwa Prague mwaka 1798. Forman hakukitunga.

Umaskini na kaburi ndivyo vinavyopotosha zaidi. Watu wameona mwili ukidondoshwa shimoni juu ya miili mingine na kumwagiwa chokaa, wakahitimisha kwamba Vienna ilimtupa fukara. Kwanza, Mozart alipata fedha nzuri miaka mingi na alizitumia: nyumba ya bei, nguo, meza ya biliadi. Ni kweli kwamba kuanzia mwaka 1788 alikuwa akimwandikia barua za kuomba mikopo mfanyabiashara Michael Puchberg. Austria ilikuwa vitani na Waturuki, na makabaila waliokuwa wakilipia tamasha walikuwa wamebana mikono. Pili, mazishi. Joseph II alikuwa ametoa kanuni mwaka 1784 za kupunguza fahari za maziko. Mozart alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Marx kwa namna walivyozikwa watu wa kawaida wa mji ule, katika kaburi lisilo na jiwe la kudumu, ambalo baada ya miaka kadhaa lilitumika tena. Ndiyo sababu hakuna ajuaye mahali hasa alipolazwa. Utaratibu wa serikali ukageuka, machoni petu, kuwa dharau ya jamii.

Mji nao huigizwa

Karibu filamu yote hiyo ya Vienna haikupigwa Vienna. Ilipigwa Prague mwaka 1983, wakati Chekoslovakia ikiwa chini ya chama cha kikomunisti. Forman alikuwa mzaliwa wa nchi hiyo na alikuwa ameishi nje tangu majeshi ya Kisovieti yalipoivamia mwaka 1968, hivyo alirudi nyumbani kama mgeni. Sababu ya kuchagua Prague ilikuwa nyepesi kueleza: mitaa yake ya zamani ilibaki na sura ya karne ya 18 kuliko ya Vienna. Zaidi ya hapo, jumba la michezo ambamo Mozart aliizindua *Don Giovanni* mwaka 1787 lilikuwa bado limesimama, na Forman aliwasha mishumaa na kupiga picha za opera hiyo mahali pale pale.

Watalii wengi hawajui kwamba Vienna wanayoiona kwenye kadi za posta Mozart hakuwahi kuiona. Alipohamia mwaka 1781, mji ulikuwa umezungukwa na kuta. Amri ya kuzibomoa ilitolewa mwaka 1857, na mahali pake pakajengwa barabara pana ya Ringstrasse na majumba yake ya fahari. Jumba kuu la opera lilifunguliwa mwaka 1869, miaka 78 baada ya kifo chake. Hivyo filamu ikimpitisha Mozart mbele ya majumba hayo inakosea, hata kama kila jiwe ni la Vienna. Na *Amadeus*, iliyopigwa katika nchi nyingine, iko karibu zaidi na mji alioujua. Usahihi wa mahali na usahihi wa mtu ni mambo mawili, na filamu inaweza kufaulu hili na kufeli lile.

Malkia mmoja, filamu mbili

Vienna ina mfano mwingine unaofundisha jambo gumu zaidi: filamu ya wasifu hueleza pia miaka ilipotengenezwa.

Elisabeth, mke wa Kaizari Franz Joseph, aliolewa Vienna mwaka 1854 akiwa na miaka 16. Mwongozaji Ernst Marischka alitoa filamu *Sissi* mwishoni mwa mwaka 1955, Romy Schneider akiwa Elisabeth: binti mchangamfu wa mashambani, kaizari kijana anayempenda, mama mkwe mkali, magauni, vilima, harusi. Ikafuatwa na nyingine mbili. Sasa tazama tarehe. Mei 1955 ndipo Austria ilipotia saini mkataba wa kurudishiwa nchi yake baada ya miaka 10 ya kukaliwa na majeshi ya mataifa manne, na nyuma ya hapo kulikuwa na miaka ya Hitler. Nchi iliyochoka na yenye mengi ya kuyaonea haya ilipewa picha yake yenyewe ikiwa safi na changa, nayo ikaipokea kwa mikono miwili. Yasiyofaa picha hiyo yaliachwa.

Mwaka 2022 ikatoka *Corsage* ya Marie Kreutzer. Hapa Elisabeth, akiigizwa na Vicky Krieps, anatimiza miaka 40. Anafungwa kiuno mpaka pumzi inakatika, anajinyima chakula, anafanya mazoezi kama adhabu, amechoka kutazamwa. Mengi ya hayo yana msingi: Elisabeth wa kweli alikula kidogo mno, aliacha kupigwa picha, na alikuwa na tatuu ya nanga begani. Lakini Kreutzer anaweka makusudi vitu vya karne nyingine, pamoja na nyimbo za kisasa, na mwisho anambadilishia hata kifo: mhusika wake anajirusha baharini, ilhali Elisabeth alichomwa kwa kitu chenye ncha kali na kuuawa na mwanaharakati wa Kiitalia, Luigi Lucheni, mjini Geneva, mwezi Septemba 1898.

Ipi ya kweli zaidi? Kwa maoni yangu ile inayokosea waziwazi. *Corsage* inamwonyesha mtazamaji kwamba inabuni, kwa hiyo hakuna atakayetoka akiamini Elisabeth alikufa baharini bila kwenda kuangalia. *Sissi* haimwambii mtu kitu. Ina magauni sahihi, kasri sahihi na uso mzuri, na kwa vizazi kadhaa wageni wameingia Vienna wakimtafuta mwanamke ambaye hakuwapo. Romy Schneider mwenyewe alikataa kuigiza sehemu ya nne. Alimrudia Elisabeth baadaye, mwaka 1973, katika filamu ya Luchino Visconti, na safari hiyo alimwigiza akiwa mwanamke mkavu, mjanja na mwenye uchungu.

Wahusika wakihusishwa, je?

Wengi hudhani familia au wenzake wa marehemu wakishiriki, basi filamu ni ya kuaminika. Hapa tutoke Vienna kidogo, kwa ajili ya mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja. *Bohemian Rhapsody* ya mwaka 2018, kuhusu Freddie Mercury, ilitengenezwa kwa ushiriki wa karibu wa Brian May na Roger Taylor, wenzake katika bendi ya Queen. Bado inaonyesha bendi imevunjika na Freddie akiwaambia wenzake kwamba ana virusi vya Ukimwi kabla ya tamasha la Live Aid la Julai 1985. Queen walikuwa wametoka tu kwenye ziara pamoja mwaka huohuo, na inaeleweka kwamba Freddie alipata majibu yake karibu mwaka 1987. Tarehe zilisogezwa ili tamasha liwe kilele cha msamaha. Filamu ya mwanamuziki bila nyimbo zake ni kazi bure, na wenye haki za nyimbo hutoa ruhusa wakiridhika na simulizi. Ushiriki wao huleta sauti, nguo na ala sahihi, na huleta pia upande wao wa kesi.

Ukitaka kupima mwenyewe

Anza na tarehe, maana ndizo rahisi kuhakiki na ndizo husogezwa kwanza. Kisha mtazame adui. Maisha halisi mara chache hutoa adui mmoja anayetosha filamu nzima, kwa hiyo ukimwona, ujue huenda kuna mtu ameongezewa ubaya; tafuta jina lake peke yake, mbali na la shujaa, usome aliishije. Kisha jiulize kuhusu kila tukio la watu wawili chumbani bila shahidi: nani angejua walisema nini?

Mwisho, nenda kwenye maneno ya mhusika mwenyewe kama yamebaki. Kwa Mozart yamebaki mengi. Taasisi ya Mozarteum ya Salzburg, mji aliozaliwa, imeweka barua za familia hiyo kwenye intaneti bila malipo. Anayetaka kumsikia Mozart akisimulia jioni aliyoketi na Salieri wakisikiliza *Filimbi ya Ajabu* aitafute ile ya tarehe 14 Oktoba 1791.